Shule Niliyoikata kwa Kisu cha Jikoni

Mama Ndunge aliponipigia simu mwezi uliopita nilikuwa juu ya ngazi huko Timbwani, nikimwonyesha mteja niliyemchorea nyumba mahali pa kutoboa dirisha la jikoni. Mama Ndunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya ile shule ya Changamwe tangu enzi zangu, na hana haraka. Alinisalimu salamu zote, za nyumba, za kazi, za kifua changu ambacho anakumbuka kilikuwa kikibana, ndipo akasema shule inatimiza miaka kumi tangu jengo lifunguliwe. Kutakuwa na sherehe, na kamati imekata shauri lile jengo la madarasa sita lililo kwenye mteremko liitwe kwa jina la Injinia Chrispus, aliyelichora. Jiwe la marumaru limeshachongwa. Mimi niliombwa mahamri na mbaazi kama zamani, na nikipenda niseme maneno mawili kwa niaba ya sisi tuliokuwa vibarua. Nilikubali upesi hata Mama Ndunge akanishukuru kwa moyo wangu mzuri. Nikashuka ngazi, nikamwomba mteja anisubiri, nikavuka barabara hadi dukani na kununua mche mzima wa sabuni ya kufulia.

Wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kinyongo. Ninacheka ovyo, ninalia kwenye harusi za watu nisiowajua, na paka wa mtaa mzima wanaujua mlango wangu. Lakini Injinia Chrispus nilimweka. Nilimweka miaka kumi na mmoja jinsi vikongwe wanavyoweka sanda zao kabatini, safi, imekunjwa, haiguswi, inangoja siku yake. Na kila nilipofungua hilo kabati, hata siku nilipokuwa na furaha zangu, harufu iliyotoka ilikuwa ya sabuni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili, kwa sababu ambazo si za kuelezwa hapa, na kazi niliyopata ilikuwa kupikia chai kamati ya ujenzi. Ofisi ya kamati ilikuwa chumba cha mabati kilichoegemea ukuta wa kanisa, juu kabisa ya ule mteremko unaotazama Kipevu, ambako makontena yanaonekana kama viberiti vya rangi vilivyomwagwa na mtoto. Chumba hicho sitakisahau. Sakafu yake ilifuata mlima. Meza ilikuwa imetiwa matofali mawili kwenye miguu ya upande wa chini, na bado haikutosha, ukiweka kikombe chenye unyevu kilianza safari polepole kuelekea Kipevu, na wanakamati walizoea kunyoosha mkono na kukirudisha bila kukatiza maneno yao. Mle ndani palinukia chaki, iliki na tui la nazi. Na chini yetu, kwenye mteremko huohuo, yalikuwa madarasa ya zamani, mabati matupu. Masika yakija, maji yaliingia kwa mlango wa juu yakatokea wa chini, na watoto walikunja miguu juu ya viti wakaendelea kuimba jedwali lao la kuzidisha kana kwamba mto unaopita chini yao ni sehemu ya somo.

Injinia Chrispus hakuwa injinia. Aliwahi kuchora ramani katika ofisi ya mtu huko mjini, akatoka na rula ndefu, mashati ya mikono mirefu na hilo jina. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na alikula mahamri yangu manne kila kikao, akiyapasua kwanza kutazama ndani kama yana uwazi, ndipo anakula. Ramani yake ya kwanza ilikuwa ya jengo moja refu lililonyooka kama behewa. Ili likae, ilibidi mlima ukatwe, udongo uliotolewa juu usukumwe chini, na ukuta mkubwa wa mawe ujengwe kuuzuia. Aliyempinga alikuwa Mzee Nyamawi, fundi mwashi, Mgiriama wa makamo yaliyoanza kupita, mwenye vidole vilivyokatika kucha kwa simiti. Yeye alisema udongo wa pale ukilowa ni kama uji, ukiukata miguu utakuja wote na nyumba za watu walio juu. Injinia alimwuliza aliyasomea wapi hayo. Mzee akasema hakuyasomea, aliyachimba. Wakabishana hivyo wiki tatu. Mimi nilikuwa nikimimina chai, na mtu anayemimina chai wakubwa hudhani hana masikio.

Ikatokea Mzee Nyamawi akahitaji mtu wa kumshikia mpira wa maji. Mafundi wetu hawana zile darubini za kupimia za kampuni kubwa. Wanatumia mpira mrefu mwembamba unaopitisha macho, unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku, mwenzake anashika ncha kule, hata kama kuna kilima katikati. Maji yakitulia, kimo chake huku na kule ni kimoja, mnapiga alama. Sharti moja tu, kwanza utoe mapovu yote ya hewa, ama sivyo mpira utawadanganya nyote wawili. Mchana kutwa nilipanda na kushuka na ncha yangu, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mlima. Niliukuta si mteremko mmoja. Ulikuwa na mahali pa kupumzikia, kama ngazi zilizofunikwa blanketi. Nikamwambia Mzee kwamba huu mlima umeshajikata wenyewe, mbona tunataka kuukata tena. Akasema, "Shika vizuri mpira, mwanangu." Lakini alitabasamu.

Jumapili mchana, baada ya ibada, ofisi ikiwa tupu, nilichukua sinia kubwa la mahamri nikalijaza mchanga mbichi, nikaliinamisha kwa tofali. Nilihitaji vyumba. Kilichokuwapo ni mche wa sabuni ya kuoshea vikombe vya kamati, ambao ulikuwa umeshaanza kutumika. Nikaukata kwa kisu cha jikoni, vyumba vitano sawasawa, na cha sita kikatoka kifupi, maana sabuni iliishia hapo. Nikavipanga kimoja chini ya kingine, kila kimoja kimekaa kwenye kidato chake, ngazi ndogo niliyoichonga mchangani. Kile kifupi kilikuja mkononi cha tatu, nikakiweka cha tatu. Kisha nikachukua birika na kumwaga maji juu ya sinia kama mvua. Chumba cha kwanza kilizolewa. Nikakirudisha, nikachimba kwa kijiti mfereji nyuma ya kila chumba, yote ikaungana ubavuni na kuteremka upande mmoja. Nikamwaga tena. Maji yakazunguka yakapita, na vyumba vyangu sita vikabaki vimekaa, vikavu, vinatazama Kipevu. Nilikaa chini nikalia, kwa raha tu. Nilikuwa sijawahi kufanya kitu kikasimama.

Jumatatu nilimpelekea Injinia kwanza, kwa adabu, kwani ndiye mwenye kazi. Nikamweleza jengo litakaa kama watu waliokaa ngazini, hakuna anayemziba mwenzake. Aliinama akalitazama sinia, akafuata mifereji kwa kidole. Akasema ni mchezo mzuri, nimwachie akautazame vizuri nyumbani. Nilimbebea mwenyewe hadi kituoni ili mchanga usimwagike.

Alhamisi kamati ikakaa. Kabla ya lolote Mama Ndunge aliinua kikombe, akakinusa, akaniita. Nikasema abee. Akauliza sabuni ya vyombo imekwenda wapi, maana mche aliununua yeye juzijuzi tu na vikombe vinanuka maziwa. Watu wote wakanigeukia. Nilimtazama Injinia, nikingoja aseme sabuni iko kwake. Yeye alikuwa akipasua hamri. Mama Ndunge akasema mbele ya watu kumi kwamba msichana anayeanza na sabuni ataishia na sanduku la sadaka. Injinia alitafuna, akameza, akapangusa vidole, kisha akafungua karatasi yake mpya mezani na kuishikilia pembe kwa vikombe ili isiteleze. Ilikuwa na vyumba sita kwenye vidato, na mfereji nyuma ya kila kimoja, yote inaungana ubavuni. Na kwa sauti yake tamu akawaambia, "Jengo litakaa kama watu waliokaa ngazini. Hakuna anayemziba mwenzake." Walipiga makofi. Mzee Nyamawi hakupiga. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, mwizi wa sabuni, nikimimina chai ya mwizi wangu.

Ndipo nikaona. Chumba cha tatu kilikuwa kifupi. Alikuwa amechukua rula, akapima sabuni zangu moja moja, akazichora zilivyo, na hata lile pungufu akalichora kwa wino. Hakujiuliza kwa nini. Mama Ndunge alijiuliza, akaweka kidole pale pale, akataka kujua mbona hiki ni kifupi kuliko vyenzake kwa hatua tatu nzima. Injinia alikohoa kidogo, akasema hayo ni mambo ya kitaalamu, ya upepo, jengo la kwenye mteremko lazima liachiwe mahali pa kupumua. Kamati ikatikisa vichwa kukubali. Na mimi, wallahi nusura birika liniponyoke, kwa hasira na kwa kicheko vyote pamoja.

Kikao kilipokwisha nilimfuata, nikamwomba sinia langu na sabuni. Sinia alilirudisha siku ya pili. Sabuni mkewe alikuwa ameshafulia. "Kadzo," akaniambia, akinipigapiga begani, "sabuni kazi yake ni kufulia. Na wewe kazi yako ni chai. Kila kitu na kazi yake."

Nilirudi ofisini nikaosha vikombe kwa majivu. Na katika kuosha huko nikapata shauri langu. Nikisema leo, nani atanisikia? Ni neno la msichana aliyeitwa mwizi asubuhi hiyohiyo, na ushahidi wenyewe umeshakwenda na maji ya nguo. Lakini akikijenga. Akikijenga kile chumba kifupi kwa mawe na simiti, kitakuwa ni mkato wa kisu changu, umesimama mahali ambapo hakuna mke wa mtu atakayeweza kuufulia. Basi nikanyamaza. Nilimwekea chumvi kidogo kwenye chai, si sana, kiasi cha kumfanya ajiulize kila siku kama ni ulimi wake. Nikamhamishia kiti upande wa chini wa meza, na kikombe chake nikakipangusa kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kukiweka, kikasafiri, mara mbili kikamfikia mapajani. Nilisikitika kwa adabu na kumletea taulo. Hayo yalikuwa ya kuchangamsha siku tu. Kisasi chenyewe kilikuwa kwenye karatasi, kinangoja mawe.

Mzee Nyamawi ndiye aliyetia kamba za msingi, nami nimeshika ncha yangu ya mpira. Alipofika chumba cha tatu alivuta kamba, akahesabu hatua, akarudia. Akamwita Injinia na kumwambia hapa pamekosewa, ardhi ipo tele, kwa nini chumba kiishie njiani. Injinia akasema apige kamba kama ramani inavyosema. Injinia aliposhika njia, Mzee akaniuliza mbona nimekunja midomo. Nikamwambia yote, sinia, sabuni, birika. Alicheka mpaka akakaa juu ya lundo la mawe, akifuta macho kwa kofia. Kisha kicheko kikamwisha, akatazama zile kamba. "Watakaokaa humo si Chrispus, mwanangu," akasema. Hakunisemea kwa mtu. Aliniachia mwenyewe.

Siku moja kabla ya kumwaga simiti, wakati wa mapumziko, watoto walikuja kujaribu madarasa yao. Walikaa chini katikati ya kamba, safu kwa safu, mikono magotini, kila darasa mahali pake. Watakaoingia darasa la tatu hawakuenea. Safu ya mwisho ilikaa nje ya kamba, na mwishoni kabisa alikuwa kitoto kimoja cha kike, Neema, mwembamba, meno mawili ya mbele hayajaota. Aliniinulia uso akaniuliza, "Dada Kadzo, mimi nitakaa nje?" Nilimwambia asogee kidogo. Akasogea, akambana mwenzake, na goti moja likabaki nje ya kamba. Nilikuwa nimesimama karibu na kigingi. Kilikuwa kigingi cha mti tu, ningeking'oa kwa mkono mmoja na kukisogeza hatua tatu, na Mzee Nyamawi angefunga kamba bila kuniuliza neno. Chumba kingeenea. Na hilo jengo lingekuwa la Chrispus moja kwa moja, halina kovu, halina pa kulishikia. Niliutazama mkono wangu. Kengele ikalia, watoto wakaondoka wakijipangusa vumbi, na mimi nikaenda kuchemsha maji ya chai. Kesho yake simiti ikamwagwa.

Ndiyo shule niliyoikuta juzi, kama nilivyoiacha, imeiva kidogo kwa moshi wa malori. Vyumba vitano vimefika mwisho sawasawa, na cha tatu kimerudi nyuma kama jino lililong'oka. Pale penye pengo pana kivuli kizuri, na ndipo walipoamua kuliweka jiwe la marumaru, kwenye ukuta wa mwisho wa chumba cha tatu, limefunikwa kitambaa cha kijani likingoja kufunuliwa. Turubai lilitandwa mbele yake, viti vya plastiki vikatiwa vijiwe chini visiteleze. Injinia Chrispus alikuwa kwenye kiti cha mbele, amenenepa, kofia magotini. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniita Kadzo wa chai, akauliza kama bado napika. Nikamwambia napika. Alikula manne, akiyapasua kwanza.

Zamu yangu ilipofika sikwenda kwenye kipaza sauti. Nilibeba sinia lile lile, lenye mchanga, nikaliweka juu ya meza ya wageni na kuliinamisha kwa tofali. Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo wa kuigiza. Nikatoa mche wangu wa sabuni. Kipande cha kwanza nikakikata na kukitia mfukoni, kisha nikakata vyumba vitano, na cha sita kikatoka kifupi. Nilipovipanga kicheko kilipungua. Nilipochimba mifereji na kumwaga maji ya birika, kilikwisha. Kila mtu alikuwa akitazama sinia, kisha jengo, kisha sinia.

"Injinia," nikasema, "hebu tuambie, chumba cha tatu kwa nini ni kifupi?"

Alisema alishaeleza zamani, ni mambo ya kitaalamu, mambo ya upepo. Kutoka nyuma, kwenye viti vya wazee, Mzee Nyamawi, ambaye macho sasa yamemfifia, akauliza kwa upole upepo gani huo, na ukuta wenyewe hauna dirisha. Turubai zima likaangua kicheko. Nikangoja kitulie. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na mmoja, dakika moja haikunisumbua. Nikasema, "Ni kifupi kwa sababu sabuni iliisha." Nikawasimulia.

Mama Ndunge alisimama kabla sijamaliza. Alikwenda mpaka kwenye sinia, akakigusa kile kipande kifupi. Akasema ile sabuni anaikumbuka, alinifedhehesha nayo mbele ya kamati nzima, na kipande cha kwanza alikikata yeye kwa mkono wake siku aliyoinunua, ili vikombe vioshwe. Akamgeukia Injinia. "Nawe ulikuwa umekaa palepale, Chrispus. Unakula." Injinia aliinama akawa anatazama ndani ya kofia yake kama aliyedondosha kitu humo. Nitasema kweli, raha niliyoipata sijawahi kuipata kwa chakula wala kwa mapenzi. Nilimtazama masikio yake yakibadilika rangi na nikatamani yasiache.

Ndipo msichana mmoja akasimama kwenye viti vya wanafunzi wa zamani. Mwembamba, meno yote yameota. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo ulijua," Neema akasema. "Tangu kamba."

Nikasema ndiyo.

"Nilikaa mlangoni mwaka mzima. Mvua ikija nafunika daftari kwa sketi." Akafikiri kidogo. "Na wadogo zangu wawili nao wamepita humo."

Nilikiacha kisu mezani. Nikatoka chini ya turubai, nikaenda hadi kwenye lile pengo, nikapeana mgongo na ukuta wenye kitambaa cha kijani na kuhesabu hatua kwa sauti ili kila mtu asikie. Moja. Mbili. Tatu. Nikachimba udongo kwa kisigino. Nikamwambia Neema chumba kilitakiwa kifike hapa, msingi wa kuongeza nitauchora bure, na mpira wa maji nitaushika mwenyewe. Alikuja polepole, akasimama juu ya ile alama, akanitazama bila kunisamehe, ambayo ni haki yake.

Mama Ndunge akauliza, "Na ukuta huu?"

"Huu hauna budi kuvunjwa," nikasema.

Watu wote wakageuka, Injinia naye akageuka, wakatazama jiwe ambalo lilikuwa bado halijafunuliwa. Kwa ajili ya Neema nilijitahidi nisicheke. Nikamwuliza Mzee Nyamawi kama nyundo yake bado ina mpini.